Fomu ya Kupunguza Ndugu

Kuna nchi moja, sitawaambia iko upande gani maana wenyewe hawapendi kunyooshewa kidole, inaitwa Jamhuri ya Shwari. Ni nchi nzuri. Mambo yake yote yana muhuri, na jambo lisilo na muhuri halijatokea, hata kama limekuangukia kichwani na mashahidi wapo. Mtoto akizaliwa Shwari hulia mara moja tu, kisha hutulia akisubiri karatasi zake.

Mwaka ninaousema, serikali ya Shwari iliamua kuona aibu. Haikuwa imewahi kuona aibu kabla ya hapo, kwa hiyo iliunda kamati. Kamati ikakaa hotelini miezi minane, ikarudi na taarifa kwamba Miaka ya Ukaribu, yaani ile miaka ambayo serikali ilijitangaza kuwa ndugu wa karibu kuliko wote wa kila mwananchi, ilikuwa na kasoro za hapa na pale. Njia ya kuziungama kasoro hizo bila kumuudhi mtu, kamati ikasema, ni kuzitengenezea tamthilia ya televisheni. Kila Jumapili saa kumi alasiri wananchi wangeona aibu kwa pamoja, dakika arobaini na tano, kisha kila mtu angerudi kwenye shughuli zake.

Tamthilia ikapewa jina la Siku Zile Ofisini. Ilihusu Ofisi ya Barabara Zilizokamilika, jinsi watumishi wake walivyochongeana, walivyogombea vyeo, na walivyokosana na ndugu zao wa tumbo moja. Majina ya watu yaliachwa yaleyale, kwa ajili ya ukweli. Sasa tamthilia ya enzi zilizopita inahitaji mtu aliyekuwepo, wengine wasije wakavalishwa suruali zisizo za zama zao. Ndipo wakamfuata Badru Kitwana nyumbani kwake.

Badru alikuwa na miaka sitini na moja, mstaafu, mtu wa kunyoosha kola hata akienda dukani kununua chumvi. Ofisi ile aliijua tangu alipokuwa karani. Wakampa cheo cha Mkaguzi wa Ukweli wa Enzi, na pamoja na cheo wakampa muhuri wa mpira wenye maneno NDIVYO ILIVYOKUWA. Kila onyesho likishapigwa picha, Mkaguzi agonge muhuri, na hapo jambo linakuwa limetokea.

Alifurahi? Alifurahi, kwa nini nimsingizie. Wiki mbili za kwanza alikuwa akitoka nyumbani anapiga mluzi. Aliwaonyesha vijana wa studio jinsi simu ilivyofunikwa kitambaa cha kufumwa, jinsi majalada yalivyofungwa uzi mwekundu, jinsi mtu mdogo alivyogonga mlango wa mkubwa kwa kucha badala ya vidole. Aliwaeleza pia habari ya viti. Katika ofisi ile hukuhitaji kumuuliza mtu cheo chake, ulitazama alichokalia. Tarishi alikalia kigoda, karani kiti kisicho na mikono, karani mkuu kiti chenye mikono. Kiti cha kuzunguka kilikuwa kimoja tu, cha ngozi ya kahawia, na watu wazima wenye wake na watoto walikuwa wakikiota usingizini.

Vijana wakacheka. Badru naye akacheka, ila kicheko chake kilikuwa kifupi.

Maana kiti kile alikikalia yeye, na namna alivyokipata hakuwa amemwambia mtu yeyote, hata mkewe Nargisi aliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo.

Katika Miaka ya Ukaribu kulikuwa na karatasi iliyoitwa Fomu ya Kupunguza Ndugu. Mtumishi ambaye jamaa yake amekorofishana na serikali alikuwa na haki, tena ya hiari kabisa, ya kuijaza na kumwondoa jamaa huyo kwenye idadi ya ndugu zake. Asiyeijaza hakufanywa kitu. Ila tu hakupanda cheo, na salamu zake zikawa zinaitikiwa kwa mbali. Aliyeijaza alipewa nakala ya rangi ya waridi akaitunze.

Kaka yake Badru aliitwa Mikidadi, na alikuwa mpima mkuu katika ofisi hiyohiyo. Ndiye aliyemlea Badru baba yao alipofariki, ndiye aliyemnunulia viatu vyake vya kwanza vya ngozi, ndiye aliyemshika mkono akamwingiza kazini. Kosa lake lilikuwa moja. Mheshimiwa Mlezi wa Taifa alizindua barabara ya kilomita mia moja, na Mikidadi, bila kutumwa na mtu, akaenda kuipima. Akakuta sitini na mbili, akaandika sitini na mbili. Wakamrudisha akaipime tena kwa uzalendo. Akarudi na sitini na mbili. Siku ya Jumatatu wakamchukua.

Jumanne, kabla ya chai ya saa nne, Badru alikwenda mwenyewe masjala akaomba fomu. Hakuna aliyemwita, hakuna aliyemtisha. Kiti cha kuzunguka kilikuwa wazi wiki hiyo, na alikuwa amesikia kwamba mwenzake mmoja anakimezea mate. Basi akaijaza kwa mwandiko wake mzuri, ule aliofundishwa na Mikidadi juu ya meza ya jikoni kwao, na penye neno "Sababu" akaeleza kwamba mtajwa ana tabia ya kupimapima. Nafasi ilitosha. Hata hivyo Badru aliomba karatasi ya ziada.

Mahakamani fomu ile ilisomwa kwa sauti. Hakimu akasema, ikiwa hata kijana aliyemlea amempunguza, serikali ni nani hata imwongeze. Mikidadi akapewa miaka tisa katika Chuo cha Utulivu, ambacho kilikuwa na nguzo na seng'enge lakini kiliitwa chuo. Waliokuwepo walisema hukumu haikumtikisa. Alitikisika pale iliposomwa karatasi ya ziada.

Alitoka baada ya miaka yake tisa, na tangu hapo ilipita mingine ishirini na mitatu. Katika muda wote huo Badru alikuwa na haja moja tu duniani: amwambie kaka yake shikamoo, na kaka yake amwitikie. Basi. Alimwambia shikamoo mlangoni pa msikiti, Mikidadi akapita. Alimwambia shikamoo katika msiba wa mama yao, mbele ya waombolezaji wote, na ile shikamoo ikabaki inaning'inia pale mpaka shangazi mmoja akaionea huruma akaitikia yeye. Idi kwa Idi, harusi kwa harusi, Badru aliinamisha kichwa akatoa heshima yake, akarudi nayo nyumbani. Jamani, acheni tu.

Tamthilia ilianza vizuri. Katika kipindi cha kwanza tarishi mmoja alizabwa kofi na watazamaji wakalia. Jumatatu asubuhi wastaafu walianza kupanga foleni Wizara ya Kumbukumbu. Kila mmoja alitaka aonyeshwe akipigwa. Yule mzee aliyekuwa mkuu wa masjala alisema haiwezekani tarishi apigwe yeye asipigwe, wajukuu wake watamwonaje. Mkurugenzi wa zamani alikuja na wakili, akadai kwamba kwa cheo chake hastahili kofi, anastahili kuning'inizwa kichwa chini. Wizara ikachapisha Fomu ya Maombi ya Kupigwa, nakala tatu na picha ndogo mbili, na ikaundwa Kamati ya Mgawanyo wa Vipigo ili pasiwe na upendeleo.

Kufikia kipindi cha tisa kila mtu ofisini alikuwa ameshapigwa, wengine mara mbili. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba hakuna aliyepiga. Wizara ikatangaza magazetini: yeyote aliyewahi kumpiga mtu katika Miaka ya Ukaribu ajitokeze, atapewa nauli na chakula cha mchana. Hakujitokeza hata mmoja. Nchi nzima ya Shwari, tangu milimani mpaka bondeni, hapakuwa na mtu aliyewahi kuinua mkono wake. Ikabidi waweke mkono usio na mwenyewe. Uliingia kutoka pembeni mwa picha ukiwa umevaa mkono wa shati la kaki, ukapiga, ukaondoka zake. Ulikuwa wa seremala wa studio, lakini mwisho wa kipindi, majina ya waigizaji yalipopita, iliandikwa tu: Mkono, na mbele yake: Mkono.

Bwana Mapande, Katibu Mkuu wa Wizara, aliwakusanya watu wa studio akawaeleza falsafa ya jambo hilo. Alikuwa mtu wa kitambi na maneno marefu. "Taifa halina haja ya kujua nani alipiga," alisema. "Taifa lina haja ya kujua kwamba sote tuliumia, tena kwa usawa." Wakapiga makofi, kwa usawa.

Kipindi cha kumi na moja kilikuwa cha Badru.

Mwongozaji wa tamthilia, Bi. Eshe, alikuwa mama kijana mwenye kofia ya ukindu na haraka nyingi. Alimweka mwigizaji mezani, akamwekea fomu na kalamu, akamgeukia Badru kwa adabu. Alimuuliza, "Mzee wangu, kabla hujatia sahihi ulisita kwa muda gani? Maana hapa ndipo watu wanapotakiwa kulia."

Badru aliitazama ile meza. Walikuwa wameitengeneza sawasawa kabisa, mpaka alama ya kikombe cha chai. Alijua jibu. Alikumbuka hata kwamba kalamu ilikuwa inagoma na alikwenda kuazima nyingine mbio, asije akatanguliwa. Akafungua mdomo aseme, na kilichotoka ni, "Nilisita sana."

"Siku ngapi?"

"Tatu," alisema Badru.

Bwana Mapande, aliyekuwa amepita kukagua, akadakia kwamba mtu hasiti siku tatu bure, lazima alikuwa anapigwa. Bi. Eshe akamtazama Badru kungoja neno lake. Badru hakusema ndiyo. Hakusema siyo pia. Alijishughulisha na kufungua kasha la wino, na katika muda huo seremala alikuwa ameshavaa shati lake la kaki. Wakampiga yule mwigizaji mgongoni fimbo za mpira mpaka jua likapinda, wakampaka rangi nyekundu, akalia jina la kaka yake, akatia sahihi mkono ukitetemeka. Wanawake wa jikoni walijifuta machozi kwa kanga. Wakamletea Badru karatasi.

Aligonga muhuri. NDIVYO ILIVYOKUWA. Wino wa buluu ulimbaki kwenye kidole gumba, na ingawa aliosha kwa sabuni ya unga na limau, siku nne nzima alikula kwa mkono wenye wino.

Kipindi kikaonyeshwa. Kabla hakijaisha majirani walikuwa wameshajaa barazani kumpa pole. Mmoja alileta jogoo. Mwalimu wa shule ya jirani alimwomba aje awaonyeshe wanafunzi mahali alipopigwa, wapaguse kwa zamu. Badru aliitikia pole zote kwa kichwa kilichoinama, na watu wakasema tazama unyenyekevu wake, kumbe mwenzao alikuwa anatafuta pa kuficha uso. Nargisi alingoja mpaka wageni walipoondoka.

"Mume wangu," alisema, "mgongo huo nimeusugua miaka thelathini na tano. Mbona sijawahi kuona hata kovu moja?"

Badru akasema walipiga kitaalamu. Nargisi alimtazama kidogo, akachukua ungo wake akaenda kuchambua mchele. Aliuchambua mchele ule mpaka haukuwa na cha kuchambuliwa.

Kesho yake gari la Wizara lilileta zawadi. Bwana Mapande alikuwa ameagiza kwamba shujaa wa kipindi cha kumi na moja apewe kumbukumbu, na kumbukumbu yenyewe ilikuwa kile kiti cha kuzunguka. Si cha kuigiza. Chenyewe, cha ngozi ya kahawia, kilikuwa kimekutwa ghalani chini ya mabango ya zamani. Kimefungwa utepe. Wabebaji walikiweka katikati ya sebule wakaondoka, na Badru alikizunguka kwa mbali kutwa nzima bila kukigusa.

Jumatano asubuhi Mikidadi alikuja.

Badru alimwona tangu njiani. Alikuwa na miaka sabini na moja na bado alitembea kama mpima, hatua zake sawasawa, macho chini kidogo. Badru akatoka barazani, akainamisha kichwa kama kawaida yake. Kabla hajafungua mdomo akasikia sauti juu yake.

"Marahaba," alisema Mikidadi. "Marahaba kwa hii na kwa zile zote."

Badru aliyeingoja siku hiyo miaka ishirini na mitatu alishika nguzo ya baraza. Nargisi ndiye aliyemkaribisha shemeji yake ndani, akamshika mkono, akamketisha kwenye kiti kilicho kizuri kuliko vyote sebuleni. Ndiyo, hichohicho. Kama alikusudia au ilitokea tu, mimi sijui, na ningekuwa nyinyi nisingemuuliza. Kisha akaingia jikoni kutengeneza chai.

Mikidadi alikaa. Kiti kikageuka nusu naye akakituliza kwa mguu. Alieleza taratibu kwamba yeye hana televisheni, alikitazama kipindi kile kwa jirani, na alipoona fimbo ya kwanza alitoka nje akashindwa kurudi. Miaka yote, alisema, amekuwa akijiuliza ni nini alichomkosea Badru hata akaandikiwa karatasi ya ziada. Kumbe mdogo wake alikuwa anachapwa. Kumbe anamnyima salamu mtu aliyeumia kwa ajili yake. Alisema anaona aibu. Mikidadi huyo, aliyefungwa kwa kusema sitini na mbili, alikaa kwenye kile kiti akasema yeye ndiye anayeona aibu.

Kisha akatoa mfukoni chupa ndogo ya mafuta ya nyonyo. "Vipigo vya zamani huwa vinarudi wakati wa baridi," alisema. "Mimi vyangu vinarudi. Vua shati nikukande."

Badru angeweza kusema mengi. Angeweza kusema makovu yameshapona, au daktari amemkataza mafuta, au ngoja kwanza tunywe chai. Uongo ulikuwa umeshapigwa muhuri, ulikuwa umeshatazamwa na nchi nzima, haukuwa unahitaji kusaidiwa. Na marahaba alikuwa nayo, ya moto, hata dakika kumi haijamaliza. Akisema tu kovu moja dogo, kaka yake ni wake mpaka kufa.

Akafungua vifungo kimoja kimoja. Akavua shati, akalikunja, akapiga magoti sakafuni akampa kaka yake mgongo.

Vidole vya Mikidadi vilikuwa vigumu na vyenye mafuta. Vilianza begani, vikashuka polepole, vikipapasa kwa ujuzi wa mtu aliyezoea kutafuta alama ardhini. Vilikwenda mpaka kiunoni, vikarudi juu, vikapita upande wa pili. Kisha vikasimama.

"Walikupiga wapi?"

"Hawakunipiga, kaka."

Jikoni sufuria ya chai ilikuwa inachemka na hakuna aliyeiepua.

"Nani alikuletea fomu?"

"Niliifuata mwenyewe. Jumanne, kabla ya chai."

Mikidadi alivuta pumzi. "Kwa ajili ya nini, Badru?"

Badru alikuwa anatazama sakafu. Aliona aibu ya kila aina kwa pamoja, aibu ya uovu wake na aibu ya udogo wa bei yake, na hii ya pili ilimchoma zaidi. Laiti ingekuwa kwa ajili ya roho yake, au ya mtoto mgonjwa. "Kiti," alisema.

"Kiti gani?"

"Hicho ulichokalia."

Mikidadi hakuruka wala hakupiga kelele. Akainuka kwa shida, akageuka akakitazama kile kiti. Akaweka mkono kwenye egemeo lake akakizungusha. Kiti kikazunguka mara moja, mara mbili, kikilia kwa kutu, na ndugu wawili wakakingoja mpaka kikasimama.

"Mimi nilikuta sitini na mbili," alisema Mikidadi, "nikaandika sitini na mbili. Leo na wewe umeandika sitini na mbili. Miaka thelathini na miwili imekuchukua." Akafunga kifuniko cha chupa yake, akaifuta kwa leso, akairudisha mfukoni. "Basi ndivyo ilivyokuwa."

Akatoka. Hakuaga, na chai hakuinywa. Badru alibaki amepiga magoti mpaka aliposikia ndara za kaka yake barazani, ndipo akainuka akakimbia nje vilevile, kifua wazi, mgongo unang'aa mafuta, mstaafu wa serikali mwenye wajukuu. Majirani walikuwepo. Yule wa jogoo alikuwepo, na mwalimu alikuwa anapita na darasa lake la tatu. Wote wakauona ule mgongo wa shujaa ulivyo laini, hauna hata mkwaruzo.

Mikidadi alikuwa ameshashuka ngazi.

"Shikamoo, kaka," alisema Badru.

Mikidadi akasimama. Alisimama muda mrefu, uso wake ukitazama njia, na watoto wa darasa la tatu nao wakasimama wasijue wanangoja nini.

"Vaa shati," alisema bila kugeuka. "Watu wanakutazama."

Haikuwa marahaba. Lakini Badru aliingia ndani akavaa shati, kama alivyoambiwa na kaka yake.